Msimu unaanza Ijumaa

Wapendwa, habari za jioni. Msimu wetu ukumbini unaanza Ijumaa, saa 12 jioni. Tunafungua na mazungumzo kuhusu Bagika na Bagalu, zile pande mbili za ngoma za Wasukuma zinazoshindana kuvuta watazamaji, kila upande ukijisifia dawa zake. Baadaye vijana wa Kisesa watacheza bugobogobo, ngoma ya wakulima wa Kisukuma, na majembe yao, kwa hiyo safu ya mbele tumeiondoa. Mara ya mwisho jembe lilirushwa juu mpaka nikafumba macho! Jumamosi muziki, Jumapili vichekesho. Wachekeshaji: utani wa makabila ruksa, matusi hapana. Wa Igoma na Buhongwa, pangeni usafiri wa kurudi, daladala za usiku mnazijua. Michango apewe mweka hazina, mimi hesabu zilishanishinda.