Nilishaagwa, na bado nipo

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa kasoro usiku, umeme umekatika tangu jioni na simu imebaki chaji asilimia 19, kwa hiyo nisamehe nikirukaruka. Jana pale kituoni Segerea mzee wa jumuiya yetu alinishika bega akasema, "Eh, bado upo?" Mbele ya watu, na tangu hapo sijalala. Najua hakuwa na nia mbaya. Lakini tangu Januari nimeulizwa hivyo na muuza chipsi, na fundi viatu, na shemeji zangu wote, na hata mtoto wa mwenye nyumba ambaye shule hajaanza. Mtu akiagwa anatakiwa aondoke. Mimi niliagwa Desemba, naenda Australia, kwa pilau na sala na bahasha, nikakabidhiwa begi kubwa la magurudumu, nikapigwa nalo picha. Bado nipo.

Mambo haya unayajua, sitaanza na a-be-che. Viza ni ya Australia, 189, ile ya ujuzi isiyokuwa na mwajiri wala jimbo la kukudhamini. Tuliwasilisha Machi mwaka jana: mimi mwombaji mkuu, mke wangu, na mtoto wetu wa miaka minne. Wapo wanaodhani ni kujaza fomu tu na kusubiri bahati. Sisi wahandisi tuliosoma hapa lazima kwanza Engineers Australia, chama cha wahandisi wa kule, waukubali ujuzi wetu, na hapo unaandika simulizi tatu za kazi ulizofanya, kila moja maneno 1,000 hadi 2,500, na uandike "nilikokotoa", siyo "tulikokotoa", maana wanampima mtu mmoja. Kisha jedwali la kuonyesha kila umahiri umeuthibitisha kwenye aya ipi. Mimi nilitumia miezi mitano kwa hilo tu. Halafu mtihani wa Kiingereza, halafu pointi, alama wanazokupa kwa umri, Kiingereza na mengineyo. Kima cha chini ni 65, ila mwenye 65 kamili kwa fani nyingi anaweza akaota mvi akisubiri mwaliko wa kuomba viza. Ukialikwa una siku 60 za kuwasilisha na kulipa. Mimi peke yangu zilikwenda zaidi ya dola 4,600 za kwao, mke nusu ya hapo, mtoto robo. Ukijitoa hazirudi. Nakueleza haya ili usije ukanijibu kwa mkato kwamba niachane nayo.

Wakala wetu wa viza ndiye aliyesema Desemba haiishi kabla viza haijatoka. "Anza kuuza vitu, kaka." Nikauza gari, friji, makochi, kitanda, nikaacha kazi, tukarudisha nyumba. Usiniulize kwa nini nilimwamini. Mtu aliyekuvusha mpaka ukapata mwaliko, ukimwamini si ujinga. Ingawa, nikiwa mkweli, nilikuwa nafahamu. Muda unaotangazwa kwenye tovuti yao ni wa waliokwisha kumaliza: nusu ya maombi yalimalizika ndani ya miezi kadhaa, asilimia 90 ndani ya miezi kadhaa. Hauzungumzii faili lako hata kidogo. Nilifahamu, na gari nikaliuza.

Kuna dada mmoja muuguzi tunasali naye. Aliwasilisha Oktoba, miezi saba nyuma yangu, Aprili akapata. Sina wivu naye, nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Na sababu naijua: foleni ile haiendi kwa aliyetangulia. Kuna amri ya Waziri wao inayopanga nani ashikwe kwanza, na watu wa afya na walimu wako juu, pamoja na wanaokwenda mikoani. Mhandisi wa 189 anasogezwa nyuma kila wanapoingia wao. Hilo nimewaeleza wakwe zangu mara tatu, wananisikiliza kwa heshima, halafu mama mkwe anauliza, "Sasa yule binti mbona ameondoka?"

Kinachotumaliza zaidi ni makaratasi yanayooza. Vipimo vya afya vinaishi miezi 12. Cheti cha polisi miezi 12. Wakala alituhimiza tufanye vyote Mei mwaka jana, faili halijashikwa na ofisa yeyote, eti likishikwa liwe limekamilika. Kwa walio juu kwenye foleni hiyo ni mbinu nzuri. Kwa sisi wa nyuma ni kununua maziwa ukiwa huna friji. Tulikaa siku nzima kwa daktari aliyeteuliwa na serikali ya kule: mimi na mwenzangu eksirei ya kifua na damu, mtoto kipimo cha kifua kikuu, maana wa miaka 2 hadi 10 hawapigwi eksirei wanapimwa kivingine. Mei mwaka huu vyote vikafa. Ningeanza leo, cheti cha polisi na vipimo nisingevigusa mpaka nipate barua yao ya kuviomba. Tena hata viza ikitoka, tarehe ya mwisho ya kuingia nchini mara ya kwanza mara nyingi huhesabiwa kwa kile kitakachokufa mapema kati ya hivyo viwili.

Juni ikapita kimya. Wakala kila nikimpigia ananijibu "imepokelewa, tulia". Mwezi huu nikachoka. Nikafungua akaunti yangu mwenyewe, nikaliingiza ombi kwa namba yake ya rejea, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti. Mtu yeyote anaweza kuliona ombi lake hivyo hata kama limewasilishwa na mwingine, na ninajilaumu kwamba sikulijua hilo mwaka mzima. Humo ndani nikaikuta barua: fanyeni vipimo vya afya upya, mna siku 28. Ilikuwa imelala humo siku 19. Kumi na tisa, Shangazi. Nikamtumia wakala picha ya barua, akajibu kwa kidole gumba.

Sasa hapa ndipo penyewe. Mke wangu ana ujauzito wa wiki 21.

Simaanishi mtoto ni kosa. Naandika haraka tu. Mwenzangu alisema, kama maisha yamesimama kwa ajili ya viza, mtoto hasimami, na sikuwa na la kumjibu. Lakini vipimo upya maana yake eksirei upya. Kwa mjamzito kuna njia mbili. Moja, apigwe eksirei kwa ridhaa yake ya maandishi, tumbo limefunikwa aproni ya madini ya risasi. Mbili, aahirishe mpaka ajifungue: daktari anaandika barua ya kuthibitisha ujauzito na tarehe ya matarajio, tunaipandisha kwenye akaunti kabla siku 28 hazijaisha, na ombi la familia nzima linamsubiri yeye. Hawawezi kunipa mimi yeye akabaki nusu. Sote tuko faili moja. Mwenzangu amechagua ya pili. Hakunishauri, alinitaarifu. Alikuwa anakunja nguo za mtoto na kuzipanga ndani ya begi lile la magurudumu, kwa kuwa kabati tuliuza.

Mimi nina hesabu zangu. Leo wiki 21. Mashirika mengi ya ndege yanaanza kudai barua ya daktari wiki ya 28, na wiki ya 36 hawakupakii safari ndefu. Tukipima wiki hii, majibu wanayatuma wenyewe madaktari moja kwa moja kwa mtandao ndani ya siku chache, viza ikatoka upesi, tukaondoka, mtoto akazaliwa kule sisi tukiwa wakazi wa kudumu, basi anazaliwa raia. Raia, Shangazi! Bila pointi, bila simulizi tatu. Baba gani asingefikiria hilo? Na hakuna atakayeniuliza tena kama bado nipo.

Sasa nikueleze ambalo sijamwambia mtu. Hesabu hiyo inasimama kwa kitu kimoja tu: viza itoke ndani ya wiki kumi na nne hivi, na hilo hakuna anayeweza kuliahidi, mimi ndiye niliyeagwa kwa ahadi ya namna hiyo. Ikichelewa kidogo, ikatoka mwenzangu akiwa wiki ya 37, tumeumia kuliko sasa. Mtoto akizaliwa hapa kabla uamuzi haujatoka, anaingia kwenye ombi letu bila ada: unawaarifu, unapeleka cheti cha kuzaliwa cha RITA na pasipoti yake, shilingi 150,000, anapimwa, basi. Akizaliwa hapa baada ya viza kutoka, hayumo. Inabidi aombewe ya kwake, ya mtoto, 101, yenye ada yake na foleni yake, na sisi viza zetu zina tarehe ya mwisho ya kuingia. Kwa hiyo njia ya mwenzangu ndiyo salama, ingawa yeye hakuichagua kwa hesabu hizi. Alikataa tu. Nimekaa na jambo hili siku nne sijamwambia kwamba hata sheria iko upande wake, maana nikimwambia limekwisha, tutakaa mpaka Februari au Machi, na kituo cha Segerea kiko palepale.

Yawezekana unajiuliza kwa nini basi nisihame mtaa. Kodi ya miezi sita nimelipa Mei.

Kuna mkandarasi wa barabara Dodoma ananitaka, mkataba wa miaka 2, anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kazi nzuri. Nikiikubali ni kama nimekiri. Na hata kuacha ile kazi ya kwanza sijawaarifu kule. Wakala alisema nyamaza. Ni upuuzi, kwa sababu pointi zangu zilishafungwa siku ya mwaliko, kuacha kazi hakunipunguzii hata moja, ila kukaa kimya hali yako imebadilika ni kosa, na wakikukuta na taarifa za uongo unaweza kufungiwa kupata viza kwa miaka 3. Fomu ya mabadiliko, 1022, kurasa chache tu. Nimeijaza, ipo kwenye simu, sijaituma. Nikiituma itabidi niandike kwa mkono wangu: sina kazi.

Zipo siku nataka kujaza fomu ya 1446 nijitoe, yaishe, nirudishe begi kwa jumuiya. Halafu nakumbuka Oktoba natimiza miaka 40. Kwenye ombi hili umri wangu umefungwa siku ya mwaliko, niko kwenye pointi 25. Nikianza upya nashuka hadi 15, na matokeo ya Kiingereza nayo yana miaka 3 tu ya kuishi. Kwa hiyo kujitoa si kupumzika, ni kufunga mlango. Sitaki kujitoa. Sijui. Ninachotaka ni kulala.

Shangazi, swali langu lilikuwa kuhusu watu. Mtu akiagwa, akachangiwa, halafu hajaondoka, anawajibu nini? Arudishe bahasha? Ilikuwa 640,000, na nilikwisha kuilipia vipimo vya mwanzo, vile vilivyokufa.

Lakini afadhali niseme na hili. Alhamisi saa mbili asubuhi tuna miadi kwa daktari wa vipimo. Nilipiga simu mimi, Jumatatu, nikaandikisha majina yote matatu. Mwenzangu anajua tunakwenda mimi na mtoto tu. Nilijiambia kwamba tukifika pale, akiiona ile aproni, akielezwa na daktari badala ya mimi, huenda akabadili mawazo. Sikusema nitamlazimisha. Fomu ya ridhaa anasaini mwenyewe. Ila nilipoulizwa kwenye simu kama kuna mjamzito nilisema nitathibitisha, na tangu hapo usingizi umenipotea, siyo jana kwa mzee wa jumuiya kama nilivyoandika juu. Kupiga simu nifute jina moja ni dakika mbili. Na barua ya kuahirisha anaweza kuiandika daktari wa kliniki anayohudhuria, tukaipandisha siku hiyohiyo, mimi na mtoto tukapima. Vipimo vyetu vitaishi mpaka Julai mwaka kesho, vinatosha hata huyu atakayezaliwa akichelewa pasipoti.

Ofisi wanafungua saa mbili. Nipigie kwanza wao au nimwamshe kwanza yeye? Na nikimwamsha nimwambie yote, na zile siku nne?

Ukiichapisha usitaje kituo, andika Tabata tu. Chaji imebaki nne.

Mhandisi, Tabata