YAH: Kamera yenu ya DSLR, boksi linasema "picha na video" ila video yenyewe ni majanga

Kwa kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Naandika kuhusu DSLR yenu (kamera ya kubadilisha lenzi yenye kioo cha kuakisi ndani), ile ya daraja la kuanzia inayokuja na lenzi ya milimita 18-55, na kabla hamjanitumia lile jibu lenu la kila siku niseme kabisa kwamba seting nimezirudisha za kiwandani, fimwea (programu ya ndani ya kamera) ni ya mwisho, memori kadi ni ya spidi mnayoitaka nyie wenyewe kwenye kitabu, na meniu nimeipitia yote mpaka kule chini kusikofikika. Kamera haijaharibika. Inafanya vilevile mlivyoitengeneza, tatizo boksi linasema kitu kingine.

Upande wa picha sina ugomvi na nyie, haki yenu niwape. Megapikseli 24 zinatosha sana, faili za RAW (picha ghafi, kamera haijazichakata) zinavumilia, sehemu iliyotoka nyeusi tii unaivuta kwenye kompyuta na sura ya mtu inatokea. Viyufainda, lile tundu la kuchungulia, inaletewa taswira na kioo kwaiyo naona kitu muda uleule kinapotokea, nabonyeza nusu, fokasi imeshika, picha imeingia. Inaonyesha kama asilimia 95 tu ya fremu, ndio maana kuna viwiko vya watu vinaingia pembeni ambavyo sikuviona wakati napiga, ila hilo unakata tu maisha yanaendelea, na DSLR za daraja hili nyingi ziko hivyohivyo.

Sasa weka kwenye video. Kioo kinapanda juu, viyufainda inakuwa giza, na ile fokasi ya papo hapo inaondoka nacho, maana sensa zake (vihisi vya mwanga) ziko chini ndani ya bodi na zinaletewa mwanga na hichohicho kioo, kikipanda hazioni kitu. Kinachobaki ni kupapasa. Lenzi inaenda mbele inapitiliza, inarudi nyuma inapitiliza, mpaka ikutane na penye ukali. Ukiwa unapiga picha ya kitu kilichotulia sio neno, unasubiri kidogo, lakini kwenye video kule kupapasa kote kunarekodiwa.

Nimeambatanisha klipu muone wenyewe. Ni mzee wetu anatoa nasaha kwenye shughuli ya familia, amekaa kwenye kiti, haendi popote. Anainua mkono kidogo tu kusisitiza neno, fokasi ikaufuata mkono, uso ukayeyuka, mkono ukashuka, fokasi badala ya kurudi usoni ikapitiliza mpaka kwenye pazia la nyuma ikaweka kambi hapo, maua ya pazia unaweza kuyahesabu na mzee mwenyewe ukungu mtupu. Na chini ya sauti yake unasikia mota ya lenzi, krr, krr. Jamani, mimi nimwambie mzee aanze upya kwa sababu kamera ilikuwa inaangalia pazia?

Na msiniambie teknolojia haikuwepo. Canon waliweka fokasi ya awamu (ile ya papo hapo, isiyopapasa) ndani ya sensa yenyewe inayonasa picha kwenye 70D mwaka 2013, tena ni DSLR ya kioo kama hii yenu. Nikon D90 ilipokuja na video mwaka 2008, ikiwa DSLR ya kwanza kurekodi, watu walivumilia kwa sababu kitu kilikuwa kipya. Uvumilivu ule nyie mnaudai mpaka leo, na 4K (video ya ukali wa juu) mmeiandika kwa herufi kubwa.

Hiyo 4K nayo ina mambo. Sensa ina upana wa pikseli 6000, 4K inahitaji 3840, nyie mkaamua kuchukua katikati tu na pembeni kote mkatupa. Maana yake lenzi ya 18 inaona kama ya 28, yaani eneo finyu zaidi, nilikuwa nimesimama na mgongo umegusa ukuta na bado nusu ya watu wako nje ya fremu. Kwenye boksi hilo halipo. Kwenye kitabu lipo, chini ya jedwali, maandishi ya kutafutia miwani.

Sauti ndio usiseme. Tundu la maiki mmeweka, asanteni, la hedifoni hakuna, kwaiyo unarekodi bila kujua unarekodi nini. Halafu kamera inapandisha na kushusha sauti yenyewe na kuizuia hakuna. Mzee akinyamaza avute pumzi, kamera inaona kimya, inapandisha, feni inaanza kunguruma kama lori, akirudi kusema neno la kwanza linapasuka. Kila akipumua ni hivyohivyo mpaka mwisho.

Mwisho wenyewe hata haukufika maana kwenye dakika 29 na sekunde 59 ilijizima, bila mlio wala onyo. Mhudumu wenu wa simu akaniambia ni joto, inalinda sensa. Joto gani hilo linalojua kusoma saa mpaka sekunde ya mwisho? Tunajua ni habari ya ushuru, Umoja wa Ulaya walikuwa wanaihesabu kamera inayofika dakika 30 kuwa ni kamera ya video na kuitoza kivyake, kwaiyo kampuni zikawa zinakata sekunde moja kabla. Semeni hivyo basi, mtu aelewe, kuliko kumdanganya mteja mchana kweupe.

Ninachotaka ni hiki. Toeni fimwea ambayo itaniruhusu kupanga kiwango cha sauti kwa mkono na kupunguza spidi ya fokasi kwenye video, hayo ni mambo ya programu, kioo siwaombi mbadilishe. Ikishindikana, rudisheni hela yangu yote au nibadilishieni mnipe bodi isiyo ya kioo inayoshika fokasi usoni, na adapta ya lenzi iwe juu yenu. Na boksi lenyewe liandikeni kwamba 4K inakatwa na kwamba fokasi ya video siyo ile ya viyufainda, maana kuna mtu sasa hivi analishika dukani akifikiri anapata vyote viwili.

Risiti, namba ya kamera na klipu vyote viko kwenye viambatanisho. Klipu ni ndefu, kama hamna muda anzieni pale mzee anapoinua mkono. Nijibuni kwa barua pepe hii hii, simu yenu sipigi tena.

Mteja wenu