Yah: Malalamiko kuhusu risasi za kusubu za .44 Magnum zisizolingana na maelezo yenu

Columbus, Ohio
16 Desemba 2024

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu oda hii niliifanya kwa Kiswahili. Kijana wenu aliyepokea simu mwezi Oktoba aliposikia lafudhi yangu aliacha Kiingereza, tukaongea yeye kwa Kiswahili cha Kongo na mimi cha Tabora, na akaniambia nikiwa na shida yoyote niandike, ataisoma mwenyewe. Shida ninayo. Naomba barua hii aisome, kisha awasomee na ninyi.

Kwanza nitenganishe maneno, maana lugha yetu ina neno moja, risasi, kwa madini na kwa kile kinachotoka mtutuni. Nikisema risasi ya kusubu nina maana ya ile iliyoyeyushwa kwa madini ya risasi yaliyochanganywa na bati na antimoni, ikamiminwa kwenye kalibu, ikapakwa nta, basi. Nikisema risasi ya koti nina maana ya ile iliyovikwa ganda jembamba la shaba nje.

Swali nililomuuliza kijana wenu lilikuwa hilo hilo: kati ya hizo mbili, nichukue ipi kwa kulungu wa mkia mweupe, bastola yangu ikiwa ya silinda, .44 Magnum, mtutu wa inchi saba na nusu, na mimi sipigi mbali ya yadi 50? Hapa Ohio sheria inataka bastola ya kulungu iwe na mtutu usiopungua inchi 5 na risasi yenye kasha la baruti lililonyooka, kuanzia kipenyo cha inchi .357 kwenda juu, kwa hiyo silaha yangu haikuwa na tatizo. Nilichotaka ni ushauri wa kichwa cha risasi tu, yaani kile kinachoruka. Akanijibu, “Papa, kamata hii ya kusubu, iko nguvu sana na inafunguka muzuri.” Nikaagiza maboksi matatu ya risasi 20, dola 46 kila moja, na usafirishaji dola 14.50. Jumla dola 152.50.

Simlaumu kijana. Nilipoyapokea maboksi nikakuta alisoma kilichoandikwa: ngumu, na inatanuka. Mtu aliyewahi kusubu risasi hata mara moja angewaambia mchague moja. Kichwa kigumu cha kusubu hakitanuki kwa mwendo wa bastola, kinapita. Kazi yake inafanywa na pua bapa inayosukuma nyama mbele yake, na uzito unaoifanya itokee upande wa pili, ikaacha matundu mawili ya kuvuja damu. Ndiyo sababu wengi wanaipenda: mnofu hauharibiki sana, unaweza kula karibu na ukingo wa tundu. Ya koti yenye tundu puani ndiyo inayofunguka kama ua, inatoa nguvu yake yote ndani ya mnyama, lakini ikigonga mfupa mzito huenda isifike mbali. Kila moja ina mahali pake. Mimi ningechagua ya kusubu hata kama mngeniambia ukweli kwamba haitanuki, ila ningelenga tofauti: ningetafuta mfupa wa bega badala ya kutegemea mbavu peke yake.

Hilo ni kosa la maneno. Kosa kubwa zaidi ni la kipimo.

Kwenye tovuti yenu mmeandika kwamba kichwa kina kipenyo cha inchi .430. Kwenye boksi hamkuandika kipenyo kabisa, wala kipimo cha ugumu. Mtutu wa .44, kwa anayejua, si .44 hata kidogo. Ndani ya mifereji yake, ile inayoizungusha risasi, ni takriban .429. Risasi ya koti hutengenezwa .429 hadi .430 na inakwenda vizuri. Ya kusubu inatakiwa izidi kidogo, .430 au .431, ili ijaze mtutu na kuziba moshi wa baruti nyuma yake. Ikiwa nyembamba, ule moto unapenya pembeni, unailamba risasi ubavuni, na madini yanayoyeyuka yanabandikwa kwenye mifereji. Kila mlio unaongeza tabaka. Risasi ya saba haikuti mtutu ule ule uliokutwa na risasi ya kwanza.

Novemba nilikwenda kurekebisha shabaha, nikapiga sita kwa yadi 25. Nne za kwanza zilikaa mahali ambapo kiganja kingezifunika. Mbili za mwisho zikatoka pembeni. Nikasema ni baridi, ni mkono wangu, nikafunga virago. Hapo nakubali nilikosea. Ningepiga hata kumi zaidi ningeliona tatizo kabla ya kumpelekea mnyama.

Alhamisi ya wiki ya kuwinda kulungu kwa bunduki, tarehe 5 Desemba, nilikuwa kwenye shamba la mtu aliyeniruhusu kwa maandishi. Jioni, kabla muda halali haujaisha, akatokea jike mnene, yadi 40, amenigeuzia ubavu. Nililenga nyuma ya bega. Risasi ikampata tumboni. Niliona kwa jinsi alivyojikunja mgongo. Nikapiga ya pili, sijui ilikwenda wapi mpaka leo. Wawindaji mnajua kinachofuata: unakaa, unasubiri, unawasha tochi, unatafuta damu. Damu ilikuwa tone hapa, tone kule, yenye uchafu wa tumbo, kwa sababu matundu yote mawili yalikuwa madogo, la kutokea sawa na la kuingilia. Saa nne usiku niliipoteza njia yake kwenye mahindi yaliyovunwa. Asubuhi nilimkuta kwenye kichaka cha korongo, koyoti, mbwa mwitu wadogo wa huku, wamekwisha kula paja moja na nusu ya lingine, na tumbo limepasuka ndani. Hakuna nyama niliyoweza kuipeleka nyumbani.

Babu yangu kule Sikonge aliwinda kwa gobore. Gololi zake alizisubu mwenyewe juu ya jiko la mkaa, na kabla ya kuzitumia alizipima moja moja kwenye mdomo wa mtutu. Iliyocheza aliirudisha kwenye chungu. Hakuwa na maikromita ya kupimia unene wala tovuti. Nilimkumbuka sana usiku ule kwenye mahindi, na sikuona fahari.

Jumamosi nikaenda kwa jirani yangu, mzee mstaafu ambaye kwa miaka mingi anasubu risasi gerejini kwake kwa vizito vya madini ya risasi vya kusawazishia magurudumu. Alitazama ndani ya mtutu wangu kwa taa akacheka bila furaha. Mifereji ilikuwa imejaa utando wa kijivu. Tulisugua kwa nyuzi za shaba karibu saa nzima, madini yakitoka kama vipande vya karatasi ya fedha. Kisha tukapiga risasi zenu 12 zilizobaki kwenye boksi la kwanza, mtutu ukiwa safi. Sita za mwanzo zilivumilika. Sita zilizofuata zilitawanyika zaidi ya upana wa sahani, na mbili zilitoboa karatasi kiubavu, tundu refu kama la ufunguo, maana yake zilikuwa zinapinduka hewani.

Tukang'oa vichwa vitano kutoka boksi la pili kwa nyundo ya kung'olea, tukavipima. Vitatu vilikuwa .428. Kimoja .4275. Kimoja .4285. Hakuna hata kimoja kilichofika .429, sembuse .430 mnayoitangaza. Tulipitisha donge la risasi laini ndani ya mtutu wangu tukalipima pia: .429 kamili. Matundu ya silinda yangu ni .431. Kwa hiyo risasi yenu inaanza safari yake ikicheza kama kokwa ndani ya kibuyu, na haijawahi kukaza mpaka inatoka.

Huenda mtajibu, kama wengine wanavyojibu, kwamba tatizo ni madini kuwa laini na dawa yake ni kuyafanya magumu zaidi. Mzee alivipima ugumu: 21 na 22 kwa kipimo cha Brinell, sawa na madini ya zamani ya mitambo ya uchapaji. Ni kinyume chake. Risasi laini kidogo, hata ikiwa nyembamba, ina nafasi ya kuvimba kitakoni baruti inapoisukuma, ikaziba. Hii yenu ni ngumu mno kuvimba na nyembamba mno kuziba, na kitakoni haina hata kikombe cha shaba cha kuikinga. Elmer Keith wa Idaho, mmoja wa waliosukuma .44 Magnum izaliwe mwaka 1955, alitumia sehemu 1 ya bati kwa 16 za risasi, laini kuliko yenu kwa mbali, na aliangusha wanyama wakubwa kuliko kulungu wangu. Risasi yake ilienea mtutu.

Niliwaandikia barua pepe tarehe 9 Desemba. Mlinijibu kwa kuponi ya punguzo la asilimia 15 kwa oda ijayo. Nisaidieni kuelewa: mtu amelalamika chakula kimeharibika, mnampa punguzo la sahani nyingine ya chakula kile kile?

Ninachodai ni hiki. Nirudishieni dola 152.50 zote, pamoja na za usafirishaji. Pimeni loti hiyo, namba yake iko kwenye picha niliyoambatisha, na mkikuta nilichokikuta, waandikieni wote walionunua kabla hawajampelekea mnyama mwingine risasi hizo. Andikeni kipenyo na ugumu kwenye boksi lenyewe, na neno “inatanuka” mlifute. Na vijana wenu wa simu wapeni siku moja tu uwanjani na bastola, karatasi na maikromita. Yule aliyenihudumia ana moyo wa kusaidia watu. Mmemnyima cha kuwasaidia nacho.

Nimeambatisha risiti, picha za karatasi za shabaha, picha za vipimo, na vichwa viwili kati ya vile vitano, ambavyo ni madini matupu, havina baruti. Risasi kamili 35 zilizobaki siwezi kuwarudishia kwa posta kwa sababu posta ya Marekani haipokei risasi. Mkizitaka, tumeni msafirishaji wenu mwenye idhini, kwa gharama yenu, siku ya kazi baada ya saa kumi na moja jioni. Zimefungiwa kabatini na boksi nimeliandika kwa kalamu nyekundu zisije zikatumika.

Nasubiri jibu lenu ndani ya siku 14.

Wenu,
M. S.
Mteja

Nakala: Kijana wa simu anayezungumza Kiswahili