Chungu cha Ryogoku

Tokyo, Januari

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam sana. Barua yako niliipata wiki jana, nikaisoma ndani ya treni, nikairudia usiku. Pale uliposema kwamba tangu goti likatae umerudi kusimama na mama kwenye supu na chapati, na vijana wa timu wakipita unageuzia uso jikoni, pamenikaa moyoni. Nilikosa la kukujibu. Jana nimekula mahali, na tangu nilipotoka pale nakufikiria wewe tu. Nakuandikia kabla sijalala.

Wenzangu wa kazini walinipeleka Ryogoku, ng'ambo ya mto Sumida. Huko ndiko nyumbani kwa mieleka ya sumo. Ukumbi wao mkubwa, Kokugikan, uko hatua chache kutoka stesheni, na mwezi huu ni wa mashindano, siku 15 mfululizo, hivyo nje zimesimamishwa bendera ndefu za rangi zenye majina ya wanamieleka. Wawili nilipishana nao njiani. Baridi inakata masikio, wao wamevaa vazi jepesi la pamba tu, nywele zimefungwa utosini na kupakwa mafuta. Walishapita, harufu yake tamu bado iko hewani.

Mgahawa ni wa familia. Unavua viatu mlangoni, unakaa chini kwenye mkeka. Mzee yuko jikoni, mkewe anapokea wageni, binti yao anabeba sahani. Wanachopika ni chanko nabe, chungu wanachokula wanamieleka. Nabe ni chungu, na chanko ni chakula chochote kinachopikwa na wanamieleka wenyewe huko kambini. Maana wanajipikia, Hamisi! Vijana wa chini huamka alfajiri, hufanya mazoezi bila kutia kitu tumboni, na wenye zamu ya jikoni hukata mboga. Karibu na adhuhuri wakubwa hukaa kwanza, wadogo wamesimama nyuma yao wakiwapakulia. Wadogo hula mwisho, nyama nyingi imeshakwisha, kisha wote hulala.

Mama mwenye mgahawa aliweka jiko dogo la gesi katikati ya meza, juu yake chungu cha mchuzi wa mifupa ya kuku. Akatia figili nyeupe, uyoga, vitunguu vya majani, tofu ya maharage ya soya, na kabichi ya Kichina rundo zima, nikadhani haitaenea. Ikanywea yote. Halafu akaleta kipande cha mwanzi kilichopasuliwa katikati, kimejazwa kuku wa kusagwa na tangawizi. Kwa kijiko anakwangua kidogo, anaviringa, anadondosha. Tonge linazama, na baada ya muda linaibuka lenyewe juu ya mchuzi, hapo limeiva. Hakuna aliyekuwa na sahani ya peke yake ya kuficha chochote: vijiti vyote vinaelekea chungu kimoja, na aliye karibu na upawa anawapakulia wenzake. Mchuzi ulipobaki kidogo, mama akatia wali, akapasulia mayai, akafunika. Ukawa kama uji mzito wa chumvi. Nilikula bakuli tatu.

Kwa nini kuku? Kwa sababu anasimama kwa miguu miwili. Katika sumo ukigusa chini kwa mkono umeshindwa, na mnyama wa miguu minne ni kama aliyekwisha kuanguka. Siku hizi ng'ombe na nguruwe nao huliwa, lakini wakati wa mashindano wapo wasiotaka kubahatisha.

Sasa nije kwenye nililotaka kukuambia. Ukutani kumetundikwa karatasi kubwa ya zamani ya ngazi za wanamieleka, ile inayotolewa kabla ya kila mashindano, majina yote yameandikwa kwa brashi. Mabingwa wako juu kwa herufi nene, na kadiri unavyoshuka herufi zinasinyaa, hata za daraja la mwisho huitwa za kioo cha kukuzia. Kuna madaraja sita, na mshahara wanaupata mawili ya juu tu, watu 70 hivi. Mzee alitoka jikoni akijifuta mikono, akafungua droo, akatoa kioo kweli. Akanionyesha jina lake: mistari myembamba kama unywele, daraja la nne kutoka juu. Miaka kumi na moja kambini, na hapo ndipo alipofika. Goti lilimtoa. Alichoondoka nacho ni upishi, kwa sababu miaka yote hiyo zamu ya jikoni ilikuwa yake.

Nikamweleza habari zako, binti yao akitafsiri. Hakuuliza ulichezea timu gani wala namba ngapi. Aliuliza, "Goti lipi?" Nikasema la kushoto. Akaligonga lake la kulia kwa kiganja mara mbili, akatikisa kichwa, akaniambia nikufikishie hili: mifupa ichemke kwa moto mdogo, aengue povu bila kuchoka, na chumvi aitie mwisho.

Usidhani nimesahau dini yako. Nilimuuliza mama, naye akasema kweli mchuzi wao una pombe kidogo ya kupikia. Lakini mgeni akipiga simu siku mbili kabla, anampikia chungu chake cha samaki bila pombe, na chombo kipya. Akamtaja Osunaarashi, yule Mmisri aliyeingia daraja la juu mwaka 2013, Mwislamu, aliyepambana ulingoni huku amefunga Ramadhani. Basi siku ukifika Tokyo, simu nitapiga mimi.

Kwa sasa jaribu hapo hapo kwa mama. Kuku wa kienyeji utampata, tangawizi na kabichi ziko sokoni Ngamiani, na mwanzi si lazima, vijiko viwili vinatosha kuviringa matonge. Wapikie wale vijana wa timu jioni moja wakitoka mazoezini, kisha uniandikie mchuzi umekujaje na nani alirudia bakuli.

Shikamoo yangu imfikie mama.

Wako,
Gasper