Kwa mpwa wangu aliyepewa kazi ya kuutafutia mji sura mpya

Mpwa wangu,

Nimesikia umetiwa kwenye kamati ya nembo na kaulimbiu ya mji unaovunjwa na kujengwa upya. Hongera, na pole. Mama yako ananiambia vikao vitatu vimekwisha mkibishania rangi ya bluu. Nakuandikia hadharani kwa sababu kamati kama yenu ni nyingi, na katika kila moja, kabla viti havijapata joto, lazima mtu ataitaja Bilbao.

Haya, tuizungumze hiyo Bilbao. Hadithi inayosimuliwa ni fupi: mji wa viwanda kaskazini mwa Hispania ulikuwa umechoka, mwaka 1997 likafunguliwa jumba la makumbusho la Guggenheim, lile la Frank Gehry lililovikwa mabati ya titani, watalii wakamiminika. Tangu hapo kila meya anataka jumba lake la ajabu. Wanachokiruka ni mto. Nervión ulikuwa kama mtaro wa majitaka na uchafu wa viwandani, na mpango wa kuusafisha ulipitishwa mwaka 1979, karibu miaka ishirini kabla ya jumba. Mabomba yale yalimeza fedha nyingi kuliko jumba lenyewe, na hakuna anayepiga nayo picha. Treni ya chini ya ardhi nayo ilitangulia, mwaka 1995. Viingilio vyake ni mapaa ya vioo yaliyopinda, yanachomoza kando ya njia, na wenyeji wakayabandika jina la fosteritos, utani juu ya msanifu wake, Norman Foster. Hapo nakuomba usimame kidogo. Jina lililotungwa na watu wanaowahi kazini ni chapa tosha, tena hakuna wakala wa matangazo aliyelipwa.

Chapa ikikolea mno nayo ni adha. Amsterdam walianza na kaulimbiu ya I amsterdam, mchezo wa maneno ya Kiingereza wa “mimi ni Amsterdam”, mwaka 2004, wakaisimamisha kwa herufi nyekundu na nyeupe za kimo cha mita mbili hivi. Watu walizipanda, wakakaa ndani ya matundu yake, wakagombea nafasi ya picha. Desemba 2018 herufi zikang'olewa pale kwenye uwanja wa Museumplein: wageni walishazidi, na baadhi ya madiwani waliona maneno yale yanamtukuza mtu mmoja mmoja badala ya mji wa wote.

Liverpool iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2004 kwa bandari yake ya zamani. Mwaka 2021 ikafutwa, kwa sababu ya ujenzi mpya ukingoni mwa maji. Sisemi wasingejenga. Ila huwezi kuitembeza sura ile ile unayoifuta.

Sasa, ule mchoro wa mtaa mpya ulionitumia. Nimeukuza kwenye simu nikahesabu watu: kumi na wanne. Wote vijana, wote wanatembea, hakuna aliyebeba mzigo wala anayefagia, wala mzee hata mmoja. (Mbwa yupo.) Kwenye kikao kijacho achana na bluu, mwulize mchoraji wale wanaolipa kodi mtaa huo leo amewaweka wapi, kisha uniandikie alichojibu.

Mjomba wako