Kwa muuguzi aliyevuta kiti akakaa na mama

Dada muuguzi, jina lako sikulishika, ila nataka watu wajue ulichofanya.

Mama ana miaka 74. Tangu baba afariki, alikuwa akiamka saa nane usiku na kukaa ukingoni mwa kitanda, leso mkononi, akiikunja na kuikunjua mpaka kunakucha. Sisi wanawe tukasema ni uzee. Nikampa hata vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi. Asubuhi akawa anapepesuka na kuniita jina la shangazi.

Wewe hukusema ni uzee. Uliomba kuona dawa zake zote, moja moja. Vile vya mafua ukaviweka kando: huwavuruga wazee akili na kuwaangusha. Dawa ya presha inayomkojoza, aliyokuwa akimeza jioni, ukamuuliza daktari, ikahamishiwa asubuhi. Kisha ukamsomea maswali 15 ya kupima sonona kwa wazee, ukinyamaza kila alipolia. (Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, aibu imenijaa.)

Ukatuachia daftari la saa za kulala na kuamka. Ukaagiza apate jua la asubuhi, usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na usiku ukigoma ainuke, asigombane na kitanda. Wiki iliyofuata ukapiga simu: daftari linasemaje?

Wenye wazazi wasiolala, waulizeni wanawaza nini saa nane hiyo.

Siku hizi mama anaonana na mshauri nasaha. Juzi amelalamika kwamba nakoroma. Kumbe usiku huo aliamka mara moja tu.

Asante, dada.