Dada, hukuniachia

Dada,

Simu zangu hupokei, na ujumbe wa sauti niliokutumia hujaufungua. Basi nakuandikia hapa, juu ya ule mchezo wetu wa tenisi unaodai uliniachia nishinde.

Nimekuwa nikisoma habari za Maud Watson, mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa tenisi wa Wimbledon, Uingereza. Wanaume walianza kushindana pale mwaka 1877, wanawake wakangojeshwa hadi 1884, na waliojitokeza walikuwa 13 tu. Fainali wakabaki ndugu wa tumbo moja: Maud, miaka 19, na dada yake Lilian. Nimesoma nikaiweka simu chini.

Baba yao alikuwa mchungaji na mwanahisabati. Vijana wa Cambridge walikuja kusoma hisabati kwake kijijini Berkswell, na hao ndio mabinti waliofanya nao mazoezi. Wetu alikuwa karani wa shamba la mkonge, Jumapili jioni akienda kuomba uwanja wa mameneja, kofia mkononi. Wavu tuliutia viraka kwa kamba ya mkonge, vidole vikawasha hadi usiku.

Sasa tazama matokeo. Lilian alichukua seti ya kwanza 8-6. Maud akageuza, 6-3, 6-3. Mtu anayemwachia mdogo wake hapigani michezo 14 kwa seti moja, dada. Na wewe siku yetu ile seti ya kwanza ulinichapa, nikaenda kulia nyuma ya mwembe. Ukanifuata, ukanifuta kamasi kwa ncha ya kanga yako, ukasema, "Twende, bado hatujamaliza." Sijakusahau kwa hilo, wala kwa nywele ulizonisuka kila Jumamosi mama alipokuwa mgonjwa.

Lakini siku ya arobaini ya baba! Tunaosha masufuria ya pilau, shangazi zetu wamejaa uani, mmoja akauliza ile raketi ukutani ya nani. Ukajibu bila kunitazama: "Ya baba. Alimpa huyu aliposhinda, ila mimi nilimwachia. Baba mwenyewe aliniambia nimwachie." Wakacheka. Maji ya majivu yananitiririka hadi viwikoni, nami nimesimama. Baba ana siku arobaini kaburini, nikamuulize nani?

Maneno ya marehemu ni amana, dada. Kama aliyasema kweli, ungeniita chumbani ukaniambia peke yangu. Mimi nisingethubutu kukufanyia hivyo mbele ya shangazi. Mimi ndiye niliyemgeuza kitandani miezi minane, niliyemlisha uji, na hata siku moja hakunitajia jambo hilo. Najua Muscat ni mbali, na dawa zililipwa kwa jasho lako. Sijakukana popote. Lakini usiku ule alipoita majina yetu yote mawili, aliyeitika ni mimi.

Maud alipewa kikapu cha maua cha fedha, Lilian akapewa kioo cha mkono na brashi ya nywele, navyo vya fedha. Kioo hicho nimekifikiria sana. Wewe baba hakukupa kitu siku ile. Alininyanyua mimi mabegani, wewe ukabaki unakusanya mipira. Nililiona, dada. Ila nilikuwa na miaka 13, ningefanya nini?

Maud na Lilian walikuwa wamekutana hata kabla ya Wimbledon, kwenye mashindano ya Edgbaston mwaka 1881. Maud alimshinda dada yake kwenye fainali, na katika mashindano hayohayo wakacheza upande mmoja wakashinda wawili wawili. Sisi tangu Jumapili ile hatukuwahi kusimama upande mmoja wa wavu. Wewe ndiye uliyekataa. Nilikuomba mara mbili.

Na Maud mwenyewe mwaka 1886 alishindwa na Blanche Bingley, ambaye yeye Maud alikuwa amemshinda mwaka uliotangulia. Kushindwa kupo.

Juzi umemtuma mwanao aje kuchukua raketi. Nimemnywesha chai, nimemlisha mihogo, nikamrudisha mikono mitupu. Mtoto hana kosa, usimgombeze. Ukija likizo njoo mwenyewe. Nyuzi mbili zimekatika, sijazigusa.